Njia ya Hazina na Maji ya Bamvua: Risala ya Akina Mama wa Ellerwath

Mgeni rasmi, Bibi Lavinia Cathcart, Mwenyekiti wa Kamati ya Maktaba ya Kaunti yetu, Kasisi wetu, Mwalimu Mkuu, Bwana Farrar wa ofisi ya Kamati, baba zetu mliotoka baharini mkanyoa ndevu kwa heshima ya siku hii, na ninyi watoto mlioketi chini na vikapu magotini: tunawasalimu nyote.

Anayesoma ni mimi, Edna Thackray. Shule niliiacha nilipofikia umri wa kupasua samaki, kwa hiyo sentensi ikienda upande mtaniwia radhi. Wenzangu wamenichagua kwa kuwa sauti yangu inafika hadi nyuma ya ukumbi, na kwa sababu nyingine ambayo mtaisikia mbele.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu sana Ellerwath. Tunajua umepanda treni mbili na basi kutufikia. Umekuja kwa jambo la heri, kuwafungulia watoto wetu Njia ya Hazina. Kamati yako imechapa ramani nzuri yenye vidoti vyekundu, kuanzia mlango wa ukumbi huu, kushuka ufukweni, kuvuka mchanga unaobaki wazi maji yakipwa hadi kisiwa cha Hobholm, na huko limefukiwa sanduku la peremende. Ratiba inasema risala hii ikiisha utakata utepe, kisha utawaongoza watoto wote kuvuka. Binti yangu Maureen yuko mstari wa mbele. Ni yule mwenye nywele nyekundu ambaye hajatulia tangu asubuhi.

Tunashukuru kwa yote hayo. Tunaomba utusikilize hadi neno la mwisho. Tutasoma pole pole, maana haraka haraka haina baraka.

KABATI LA BI RUDD

Vitabu vya hadithi viliingia kijijini hapa kwa mkono wa marehemu Bi Agatha Rudd, aliyetufundisha kusoma wengi wetu tulio hapa. Alipofariki aliwaachia watoto kabati lake, lile pale karibu na jiko la makaa. Mle ndani mna vitabu vya watoto wanaokwenda likizo pwani, wakaona taa ya ajabu mnarani, wakafuata nyayo, wakamnasa mwizi wa vito, kisha wakarudi nyumbani kunywa chai.

Mtoto akiazima kitabu, anatundika kofia yake kwenye msumari kando ya kabati. Kofia ikiwepo, kitabu kimetoka. Likizo ya kiangazi ikifika, misumari yote inajaa, na watoto wetu wanatembea vichwa wazi hata kwenye mvua. Wageni hutuuliza, "Watoto wa hapa hawana kofia?" Tunawajibu, "Wanazo, wameziweka rehani."

Tumejiuliza mara nyingi hadithi hizi zina kitu gani. Vimekuja vitabu vingine hapa, vya adabu njema na vya maisha ya watakatifu, na Kasisi atatusamehe, vumbi ndilo linavisoma. Hivi vya Bi Rudd vimelegea uti wa mgongo na kurasa zina alama za jemu. Jemu nyingine ni yangu, ya utotoni.

Jibu tulilolipata sisi ni hili. Ndani ya hadithi hizi mtoto anaaminiwa. Anapewa kisu cha mfukoni, mkate wa nyama ya kopo, mayai ya kuchemsha na chupa ya soda ya tangawizi, anaambiwa nenda. Haulizwi kama ameosha masikio. Akisema ameona mwizi, mwizi yupo kweli. Na jua likishuka, taa ya jikoni inawaka pale pale alipoiacha. Ni mtoto gani asiyelitaka hilo? Kwa kweli, hata mtu mzima analitaka.

MAFANIKIO

Watoto wetu wanasoma, mgeni rasmi. Mwalimu Mkuu yupo hapa, atakuthibitishia. Na si wao peke yao.

Wakati wa vita Walt Stobbs, mvuvi wa hapa hapa, alikuwa kwenye meli ya kutegua mabomu baharini. Mkewe Phyllis, kila akiandika, alimsimulia kipande cha hadithi aliyokuwa akimsomea mtoto wao wa kwanza. Safari moja Walt akajibu hivi: "Habari za nyumbani nimezipata, nashukuru. Sasa nijibu upesi, yule mlinzi wa mnara ni mwema au mwovu? Meli nzima tunabishana." Phyllis alimjibu hilo kwanza, ndipo akamwambia kwamba paa linavuja.

Na Bwana Dinsdale mwenye bucha anajulikana. Unafika pale kutafuta soseji, huoni mtu, unaona utosi tu nyuma ya meza.

"Bwana Dinsdale, nimeota mizizi hapa!"

"Ngoja kidogo, mama. Wako pangoni, na taa imezimika!"

Unangoja. Nawe unataka kujua kama watatoka.

CHANGAMOTO

Hapa ndipo wenzangu waliponitaka nisome mimi.

Mgeni rasmi, ukivichunguza vitabu hivyo utatukuta sisi akina mama ukurasa wa kwanza tunakata mikate, na ukurasa wa mwisho tunamimina chai. Katikati hatumo. Hakuna aliyeandika mama anafanya nini katikati. Sisi tutakuambia: anatazama dirishani.

Kiangazi kilichopita Maureen wangu na binamu yake Colin, mtoto wa mwisho wa Walt na Phyllis, waliondoka na vikapu vyao. Saa ya chai ikafika, hawajarudi. Maji yalikuwa yameanza kujaa. Nilimchukua mbwa wetu Bosun, mzee wa miguu mibovu, nikaenda kwa Mavis Garbutt. Binti yake Pauline ndiye rafiki wa Maureen, na siku hiyo alikuwa kitandani, matubwitubwi yamemjaza mashavu.

"Pauline mwanangu," nikamwambia, "Maureen na Colin wako wapi?"

"Siwezi kusema, shangazi Edna."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimekula kiapo."

"Kiapo!" mama yake akadakia. "Supu imekushinda kumeza, kiapo kimepitaje? Hebu sema, kabla sijakuongezea shavu la tatu!"

"Hata mkinitesa," akasema Pauline, akafumba macho.

"Kiapo cha nini hicho?"

"Cha damu."

"Damu ya nani?"

"Ya bitiruti. Colin aliogopa sindano."

Siku nyingine tungecheka. Mavis alimwomba, akamtisha, akalia. Mtoto hakufungua kinywa, na mimi sikuweza hata kumkasirikia, maana mtoto mwema kwenye vitabu vile hasemi. Anayetoboa siri kwa wakubwa ndiye msaliti. Kupitia dirisha la chumba chake niliona mchanga unaanza kung'aa, na unapong'aa vile tayari maji yako chini yake.

Nikamuuliza, "Pauline, kweli hakuna hata mmoja mnayeruhusiwa kumwambia?"

Akafikiri. "Mbwa tu," akasema. "Mbwa ni mwenzetu."

"Basi Bosun huyu hapa. Mwambie."

Akamshika Bosun sikio, akamnong'oneza. Mnong'ono wa mtoto mwenye matubwitubwi, mgeni rasmi, unasikika hadi barabarani. "Wako Hobholm. Kwenye pango la mashariki."

Walt alikuwa ameshaingia kwenye mashua kabla sijamaliza kuita jina lake. Aliwakuta ndani ya pango wamesimama juu ya jiwe, maji yamefika kifuani, Maureen ameweka mkebe wa mikate kichwani usilowe. Colin alilazwa hospitali kwa ajili ya mapafu. Mpaka leo akipanda ngazi za kanisa hupumzika katikati, na wenzake hujifanya wanafunga kamba za viatu ili wamsubiri.

Nilipokuwa namkausha binti yangu mbele ya moto, nilimuuliza kwa nini hawakukimbia maji yalipoanza kuingia. Alinitazama kama mtu aliyedhulumiwa. "Mama," akasema, "tulikuwa tunatafuta ukingo mkavu. Ule wa mwamba, juu kule mwisho wa pango, watu wanapokaa maji yakijaa. Huwa upo."

Hakuwa anadanganya. Kwenye kila kitabu alichosoma, upo.

Baada ya hapo walitokea waliotaka vitabu vichomwe. Kasisi wetu, kwa nia njema, alishauri kabati lipigwe kufuli. Aliyekataa wa kwanza ni Walt, baba yake Colin. Alisema, "Mkilifunga kabati watakuja kunisoma mimi. Nimevihifadhi vyote kichwani." Sisi akina mama tukamuunga mkono. Mtoto aliyenyang'anywa hadithi ataiendea bahari ile ile, ila atakwenda bila wenzake na bila mkate.

Tukatunga kanuni yetu. Tangu siku ile, mtoto wa Ellerwath hatoki nyumbani kabla hajamwambia mbwa anakokwenda, tena jikoni, tena kwa sauti. Mama anaosha vyombo, hasikii kitu. Wasio na mbwa wanamwambia paka. Kwa akina Dinsdale wanamwambia kobe, na ilibidi kwanza wabishane kama kobe anaweza kutunza siri. Kiapo hakivunjwi, na sisi tunajua mashua ielekee wapi.

Mgeni rasmi, tulipoiona ramani ya Njia ya Hazina na saa iliyopangwa, tulimwendea Bwana Farrar. Tulimwambia leo ni siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, na saa hiyo yatakuwa yanarudi. Alitupokea kwa adabu. Akasema saa imepangwa kufuatana na treni yako, na kwamba maji yenyewe ni ya kifundo cha mguu.

"Kifundo cha mguu wa nani, bwana?" Phyllis akamuuliza.

"Akina mama, huu ni mchezo tu wa watoto."

Walt alikuwa mlangoni. Akasema, "Bahari haijaisoma ratiba ya treni, kijana."

Bwana Farrar alicheka, tukaondoka. Hatumshitaki. Amekulia mjini, naye vitabu hivi alivisoma na anavipenda, ndiyo maana akabuni jambo hili. Ramani yake ni nzuri kama zile za vitabuni, na imekosa kile kile kinachokosekana kwenye zile.

Asubuhi hii nilikuwa naosha vyombo. Maureen akachuchumaa kwa Bosun, akamwambia, "Leo tunakwenda tena Hobholm. Safari hii hatuogopi, kwa sababu yupo bibi mkubwa kutoka Kaunti, na yeye amesema ni salama."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mtoto aliyefikiwa na maji kifuani atavuka tena leo kwa neno lako, mgeni rasmi, na pengine hukujua kwamba umelitoa.

MAOMBI

Tunaomba turudishiwe kengele yetu. Palikuwa na kengele pale mwanzo wa mchanga, ikipigwa maji yakigeuka. Ilishushwa wakati wa vita, kengele zote zilipokatazwa ili zilie tu adui akitua, na haijarudishwa hadi leo. Aliyekuwa akiipiga alikuwa baba yangu, na kamba yake ninayo bado.

Tunaomba Njia ya Hazina isifutwe. Watoto wameingoja kwa hamu, nasi tunaitaka. Ila ramani ichapwe upya na saa za maji kupwa na kujaa, na watu wavuke maji yakiwa yanatoka, Walt akiwa mbele. Yuko tayari. Atataka tu kusimulia njiani, mtamvumilia.

Tunaomba mlango wa pango la mashariki uwekwe ubao wenye maneno haya tu: "Humu hakuna ukingo mkavu." Msiandike hatari, wala marufuku. Neno hatari, kwa watoto wetu, ni sawa na mwaliko.

Na kabati la Bi Rudd liachwe wazi.

MWISHO WA RISALA

Mgeni rasmi, umesikiliza kwa uvumilivu mkubwa. Pengine ulijiuliza kwa nini wimbo wa kukukaribisha ulikuwa na beti nyingi namna ile, kwa nini chai ilitangulia badala ya kufuata, na kwa nini mwanamke huyu anasoma kama anayevuta gari la mawe. Hata watoto walianza kuguna. Tulikubaliana hivyo sisi wenyewe. Tulikwisha kusema kwa maneno mafupi, hayakutosha, tukaona tuseme kwa marefu. Kama ni kukukosea adabu, kosa ni la akina mama wote waliomo humu, na tunakuomba radhi kwa pamoja.

Pazia la dirisha linalotazama bahari tulilifunga kabla hujaingia. Sasa Phyllis Stobbs atalifungua.

Tafadhali simama, mgeni rasmi, usogee utazame. Tulipoanza kuimba, njia yenye vidoti vyekundu ilikuwa pale, kavu, ungeweza kuipita na hivyo viatu vyako. Tazama ilipo sasa. Watoto nao wasimame. Maureen, njoo usimame karibu na bibi, umwonyeshe mngekuwa mmefika wapi.

Utepe bado haujakatwa, na mkasi tunao. Siku utakayotuambia, maji yakiwa yanatoka, tutavuka nawe. Peremende hazijaliwa na samaki. Walt alizifukua alfajiri, ziko chini ya meza hii, na watoto watagawiwa leo leo.

Mungu akufikishe nyumbani salama, akukutanishe na watu wako taa ikiwa inawaka. Awalinde watoto wa kaunti hii wanaosoma na wanaotembea, na mama zao walio dirishani.

Ni sisi,
Umoja wa Akina Mama wa Ellerwath.