Dijei Hakupanda Treni

Tangu treni itoke Tabora, Mama Eustadia alijifanya anasali rozari, kumbe anawasikiliza vijana wawili wasiojuana wakibishania kisa cha mapenzi cha Kijapani, cha kuchekesha. Najiat alikisoma kitabuni. Lukumani alitazama katuni yake.

"Kitabuni mvulana hamwambii binti neno, kaka. Juzuu saba anameza mate tu!"

"Mbona kwenye katuni kasema 'nakupenda', tena kwa Kiswahili?"

"Huyo ni dijei aliyeitafsiri. Kachoka kusubiri, kaongeza lake."

"Kafanya la maana! Mwanaume mzima unaogopaje kusema?"

Treni iliposimama Bukene, Lukumani akashuka. Akaja dirishani kwa Najiat, akafumbua mdomo, akameza mate. "Haya, dada... safari njema."

Mama Eustadia akaangaza behewa zima, akimtafuta dijei.