Enifa Namalomba na Barua Aliyoijutia

Bi. Enifa Namalomba, anayezikwa leo Ijumaa tarehe 5 Julai 2024, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1971 huko Thuchila, Mulanje, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Sitima Namalomba, fundi wa mitambo ya kiwanda cha chai, na marehemu Bi. Ellen. Mama yake alikuwa akisema kuwa mtoto huyo alitambaa miezi miwili tu, akachoka kutambaa, akaanza kukimbia.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Thuchila, kisha sekondari mjini Blantyre, akamaliza mwaka 1989. Mwaka uliofuata aliajiriwa Limbe kama mwendesha simu, enzi zile za kuunganisha simu kwa mkono. Kazi hiyo aliipenda kupita kiasi. Siku moja mkuu wake alimkuta ameacha kiti chake, amesimama, nyaya mkononi, machozi yanamtoka. "We Enifa, una nini?" Akajibu, "Mume kasema anarudi nyumbani, mke kakata simu kabla hajasikia!" Alikatwa mshahara wa siku tatu kwa kusikiliza ya watu.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na Bw. Dyson Likongwe, mwalimu wa hesabu. Walijaliwa watoto wawili, Limbani na Wezi. Mitambo mipya ilipokuja, waendesha simu waliachishwa kazi. Enifa akachapa barua za watu, akafundisha chekechea, akauza samaki wa kukaanga, na kila kazi aliiacha bila ugomvi na mtu. Bw. Likongwe alikuwa akitania kuwa harudi nyumbani kabla ya kuuliza majirani mkewe siku hizi anafanya nini.

Septemba 2013, akiwa na miaka arobaini na miwili, alijiunga na Chuo Kikuu cha Namilongo kusomea mawasiliano na uandishi wa habari. Darasani alikuwa na vijana wa rika la Limbani, nao wakamwita Mama. Mhadhiri wa utangazaji alimwambia mbele ya wote, "Mama, ulimi wako unachanganya l na r. Redio haitakufaa." Wiki nzima alizunguka uani akisoma gazeti kwa sauti mpaka mabinti wa bweni wakamwomba, "Mama, tuhurumie, tunalala!" Mwisho wa muhula aliongoza darasa katika kusoma taarifa.

Sehemu inayofuata aliagiza mwenyewe isomwe. Baadhi yetu katika familia hatukutaka.

Mwaka wa nne alipelekwa kwa mafunzo ya kazi Redio Lipenga. Februari 2017 alipewa taarifa ya kampuni moja ya kuchimba visima, iliyokuwa ikitangaza biashara yake redioni humo. Taarifa ilisema kisima cha Nambesa, Phalombe, kinahudumia watu mia nane. Enifa alikuwa amepita Nambesa Jumamosi iliyotangulia. Alipiga mwenyewe pampu ya kisima hicho, ikatoa hewa na mchanga, na akina mama wakamcheka: "Piga tu, mgeni! Inakohoa, lakini haitemi!" Basi akaisoma taarifa hewani kama ilivyoandikwa, kisha akaongeza, "Msomaji wa habari hii aliipiga pampu hiyo Jumamosi. Haikutoa maji."

Kampuni ikaondoa matangazo yake. Redio ikamfukuza. Chuo kikamwambia kuwa asipoandika kwamba alikosea, hatahitimu. Kwa siku kumi na moja hakukaa kitini, alikula amesimama. Bw. Likongwe alimwambia, "Mama Limbani, ni karatasi tu."

"Karatasi yenye jina langu."

"Na miaka minne je? Na Wezi, aliyengoja zamu yake ya chuo?"

Tarehe 14 Machi 2017 alitia saini barua kwamba alikosea, kisima kina maji. Barua ikasomwa redioni. Alihitimu mwaka huo huo, na katika picha ya mahafali anatazama pembeni kama mtu aliyeitwa na mwingine.

Wiki moja baada ya barua kusomwa alipanda baiskeli ya abiria mpaka Nambesa kuomba radhi. Bi. Elube, mwenyekiti wa kamati ya maji, hakumkaribisha hata mkeka. "Tulikusikia mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza tulipiga makofi. Mara ya pili tulizima redio. Leo umetuletea ya tatu?"

Enifa aliwasha kinasa sauti, akapiga pampu, akaondoka. Alipata kazi katika redio ndogo ya Phalombe, na kuanzia Mei, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alirudi Nambesa. Kila mwezi wasikilizaji walisikia nusu dakika ya pampu kavu, ikitanguliwa na maneno haya: "Mimi Enifa Namalomba niliandika kuwa kisima hiki kina maji. Niliandika uongo. Sikilizeni." Alitishwa, akatumiwa barua za wanasheria wa kampuni, bado alienda. Mara ya kumi na tisa, Novemba 2018, mafundi walikuwa wameshachimba kisima upya. Bi. Elube alimtekea kikombe. "Kunywa," alisema, "halafu kasome hiyo."

Agosti mwaka jana chakula kilianza kumkwama. Madaktari walikuta kansa ya umio. Ugali wa nsima ulimshinda, kisha uji, na hatimaye sauti. Alipoletewa wasifu huu kitandani ausahihishe, mjomba wetu alikuwa ameiondoa ile barua. Enifa akaandika pembeni kwa herufi kubwa: MMERUKA. Palipoandikwa "alikuwa mpole" alikata mstari. Mjomba akalalamika, "Makaburini hatusemi aibu za mtu." Bw. Likongwe, ambaye miaka saba hakuwahi kuitaja barua ile, alisema, "Mimi ndiye niliyemwambia ni karatasi tu. Isomeni."

Alifariki Jumatano tarehe 3 Julai 2024, saa nne asubuhi, katika hospitali ya rufaa mjini Blantyre, mkono wake ukiwa katika mkono wa Wezi.

Ameacha mume, Bw. Dyson Likongwe, watoto wawili, Limbani na Wezi, wajukuu watatu, na mdogo wake, Gresham, anayewasomea haya. Ameacha pia wanafunzi sita aliokuwa akiwafundisha kazi ya redio, wote wapo hapa.

Mungu ampumzishe dada yetu. Enifa, lala, habari zilizobaki tutazifuata sisi.