Mwalimu Jedwali na Makala Ambayo Haijaondolewa

Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa tano wa fundi cherehani. Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akaingia chuo kikuu mwaka 1974, na mwaka 1984 akapata shahada ya uzamivu katika famasia.

Alifundisha miaka thelathini na nne. Majarida ya kitaaluma nayo yalimtumia makala za watafiti wengine azikague kabla hazijachapishwa. Enzi za ujana wake makala moja ilimchukua wiki tatu. Alikokotoa upya kila jedwali kwa mkono, ndiyo maana wanafunzi wakamwita Mwalimu Jedwali.

Alifunga ndoa na Mama tarehe 7 Agosti 1982. Siku ya tatu Mama alimkuta amezama kwenye makaratasi.

“Mume wangu, umenioa mimi au hizo namba?”

“Nimekuoa wewe. Hizi zinanidanganya, ndiyo maana siwezi kuziacha.”

Uzoefu ulimpa sifa, na sifa zikamfanya aache kukokotoa. Mwaka 2019 alikagua makala kuhusu dozi ya dawa ya watoto kwa dakika arobaini, kwa kuwa alimfahamu mwandishi. Mkaguzi wa pili, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kazi hiyo, aliuliza maswali kumi na tisa. Mhariri alimsikiliza Baba, makala ikachapishwa. Baba alipotumiwa maswali yale alicheka: “Huyu bado mgeni. Akikomaa ataacha.” Nilikuwepo. Nami nilicheka.

Mei 2022 daktari wa watoto alimwandikia kwamba dozi ile imeharibu figo za watoto wawili, na mmoja amefariki. Baba alichukua kikokotoo, akaketi mezani. Safu ya tatu ya jedwali ilikuwa na kosa.

“Mwanangu,” aliniambia, “sikuisoma. Nilisoma jina.”

Mwaka huohuo aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Kati ya tiba moja na nyingine aliliandikia jarida barua nne, akiomba makala iondolewe na uzembe wake utajwe wazi. Walijibu mara moja tu: suala linashughulikiwa. Wiki ya mwisho aliuliza kila asubuhi, “Wameiondoa?” Mama alinisihi nimwambie ndiyo, afe na moyo mweupe. Nilishindwa. Nilimjibu, “Bado, Baba.” Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa tatu asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wawili. Ameacha pia makala ile, ambayo hadi jana madaktari walikuwa wanaisoma. Barua yake ya nne tumeichapisha ukurasa wa nyuma wa ratiba hii ya mazishi. Wajumbe wa bodi ya jarida mliokuja kumzika, mnayo mikononi.

Mungu ampe Baba pumziko.