Lenzi Haikuwa Chafu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyetazama damu za watu kwa miaka thelathini na mmoja. Damu za watu, wasikilizaji. Yake aliiogopa.

Alikuwa fundi wa maabara hospitalini. Mtaani walimwita Mama Vioo, maana vipande vya kioo viligongana mkobani mwake kila alipopita. Ametutoka Jumatano, kwa saratani ya damu.

Kaka yake anacheka huku analia: "Dada yangu ukimtembelea, huondoki bila kutobolewa kidole. Ukilalamika anakwambia, 'Pilipili mnatafuna, sindano mnalia!'"

Binti wa kaka huyo alipotimiza miaka kumi, Mama Vioo alimletea boksi la plastiki lenye mpini. Ndani mlikuwa na hadubini ya wanafunzi wanaoanza, fupi kama chupa ya maji. Kibano. Vioo kumi na viwili vya kuwekea kinachotazamwa. Kichupa cha rangi ya buluu.

Walianza na ngozi ya kitunguu, wakaja kwenye bawa la inzi. Jumamosi moja asubuhi wakafika kwenye damu. Kila mtu na sindano yake mpya, kila mtu na kioo chake. Rangi ile hushika chembe nyeupe, nazo huonekana kama vitone vya buluu. Kwa mtu mzima wa afya ni vichache. Utavitafuta.

Binti alihesabu vyake. Viwili. Akaweka kioo cha shangazi, akainua kichwa.

"Shangazi, mbona vyako havihesabiki?"

Mama Vioo akainama, akatazama. 

"Lenzi chafu hiyo. Futa."

Akafuta. Vitone vilevile.

"Futa tena."

Alifuta mara nne, wasikilizaji. Mara nne. Ya nne, shangazi alikuwa ameshika ukingo wa meza kana kwamba nyumba inakwenda.

Hadubini ya mtoto haipimi ugonjwa. Lakini jicho la miaka thelathini na mmoja lilijua. Na yule aliyewafokea wenzake "Nenda kapime!" alikaa siku kumi na tisa bila kupima. Siku kumi na tisa, hatua sita kutoka kwenye mashine ya kupimia damu kazini kwake.

Siku ya ishirini, wakiwa mezani, binti aliuliza mbele ya wote: "Shangazi, ilikuwa lenzi kweli?"

Kijiko kilimponyoka Mama Vioo. Kesho yake akaenda. Majibu yakathibitisha. Tiba ikampa miaka miwili. Daktari aliiambia familia kwamba angezidi kukawia, ingekuwa miezi.

Hofu haikuisha, ilihama. Iliingia kwa mtoto. Aliamini kwamba ameuita ugonjwa kwa kuutazama, akalifungia boksi kabatini. Mwezi uliopita shangazi, akiwa hoi kitandani, alimwomba alilete.

"Naogopa, shangazi."

"Hata mimi naogopa, mama. Tazama hivyo hivyo."

Binti akasema, kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Ikawa Jumatano.

Jana nilikwenda kuwapa pole. Boksi lilikuwa mezani, vumbi limelala juu yake. Binti aliniuliza kwa sauti ya chini, "Na vyangu vikiwa vingi, je?"  Kaka mtu akasogeza kiti, akamtolea binti yake kidole. "Anza na changu. Tutaogopa wote."

Akafungua boksi. Akafuta lenzi. Mara moja tu. Akainama.

Kwa kaka, kwa wifi, kwa wenzake wa maabara, na kwako wewe, binti: poleni sana. Msiba wenu umeingia na kwetu.

Nawe unayenisikiliza, uliyepapasa uvimbe ukavuta nguo haraka, uliyeona damu chooni ukamwaga maji upesi: leo ni siku yako ya ngapi? Usiniambie mimi. Jiambie mwenyewe. Lenzi si chafu.