Mzee Wangu Hakurudishwa Mpakani

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena! Mimi ninayesimama mbele yenu ni Konsolata, fundi wa nguo, na kwetu ni Asembo Bay. Wengi hapa Manyatta, Kisumu, mmevaa sare nilizoshona kwa mikono hii, lakini hamjui nilichokuwa nacho moyoni nilipokuwa nikiwapima mabega. Leo nimeomba nafasi niseme, kwa sababu Mungu amenitoa mahali pabaya, na nikinyamaza nitakuwa sina shukrani.

Ndugu zangu, mume wangu si wa hapa. Anaitwa Mwape, ni Mzambia. Nilikutana naye Ndola nikiwa msichana, nilipokwenda kukaa na kaka yangu aliyefanya kazi ya reli huko. Mwape alikuwa fundi wa injini katika karakana ya reli hiyohiyo. Alinioa kimila, kaka yangu akasimama badala ya baba, tukala, tukaimba, ikawa ndoa. Hati ya serikali hatukuwahi kuchukua. Nani angejua kwamba siku moja tungeihitaji?

Mungu hakutupa watoto. Mwape alipostaafu, ndugu zake walikuwa wamekwisha kuzikwa karibu wote. Akaniambia, "Nyar Asembo, twende kwenu. Nataka kuzeeka mahali penye watu." Nyar Asembo, yaani binti wa Asembo, ndivyo anavyoniita mpaka leo. Tukaja. Serikali ikampa kibali cha kukaa, kile wanachopewa wastaafu wageni, na kila kikikaribia kwisha tulikuwa tunakwenda Kisumu mjini kukifanya upya. Alijenga banda la kuku, akajifunza lugha yetu, Dholuo chake kibovu ambacho watoto wanakicheka, akawa mtu wa nyumbani.

Kisha ikaja habari ya bima.

Tulipokwenda uhamiaji mara ya mwisho kuuliza mambo ya kibali, askari wa mlangoni akatuonyesha tangazo ukutani. Mgeni anayekaa nchini kwa muda mrefu lazima awe na bima ya afya. Bila bima, kibali hakiongezwi. Hatukuingia hata ndani. Mzee alilisoma tangazo, akalisoma tena, akanishika mkono tukaondoka.

Ndugu zangu, mtu akiwa kijana bima ni jambo la kwenda dukani tu. Mzee wangu ana kisukari na ana presha. Tuliingia kwenye kampuni moja, wakatazama umri wake, wakasema samahani. Tukaingia nyingine, msichana akaandika vizuri mpaka alipofika kwenye swali la magonjwa, kalamu ikasimama. Tukapanda ngazi za jengo la tatu, pale hata kiti hatukupewa. Kila tulipotoka Mzee alikuwa anasema, "Sawa, sawa," kama mtu anayejituliza. Na siku za kibali zilikuwa zinapungua.

Hapo ndipo alipotokea wakala. Sitamtaja jina, yuko mikononi mwa sheria sasa. Alikuwa kijana mtanashati, akatuambia kuna kampuni inayochukua wazee na haiulizi magonjwa. Tulimpa tulichokuwa nacho. Akaleta kadi nzuri, inang'aa, ina picha ya Mzee. Nililia kwa furaha! Nilipika kuku siku hiyo. Nilifikiri ndiyo mlango Bwana aliotufungulia.

Kumbe hatari ilikuwa inakuja kwa njia nyingine kabisa. Kabla ya kadi kuja, Mzee alikuwa amekanyaga waya kwenye banda la kuku. Kidonda kidogo chini ya kidole cha mguu. Mwenye kisukari hapaswi kudharau kidonda, na yeye alijua. Lakini alinificha! Aliogopa kwamba akienda kliniki wataandika kwamba mgonjwa ni mgeni, hana bima, na habari zitafika uhamiaji. Alikuwa anafunga mguu kwa kitambaa alichookota kwenye mabaki yangu ya kushonea na kuvaa soksi juani. Hata kadi ilipokuja aliendelea kuficha, maana kidonda kilikuwa kimeharibika na aliona haya. Nilidhani ni uzee, kwamba anasikia baridi.

Nilijua kwa harufu. Niliinama kuokota kitu chini ya kitanda, nikaisikia, nikamwambia, "Mzee, vua soksi." Akakataa. Nikaivua mwenyewe. Ndugu zangu, kidole kilikuwa cheusi. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja.

Tulimpeleka hospitali mchana uleule, mimi nimeshika ile kadi kama silaha. Daktari aliosha kidonda, uso wake ukabadilika. "Mama, huyu alazwe leo. Hiki kidole lazima kitoke, na tukichelewa tutakuwa tunazungumza juu ya mguu." Nikasema kadi ipo, daktari, kadi ipo! Nikakimbia kwa karani. Akaandika namba, akangoja, akaandika tena, akanitazama kwa huruma. "Mama, hii namba haipo. Hata hii kampuni sijawahi kuisikia. Nani aliwauzia?"

Na kibaya zaidi, Mzee alikuwa amenifuata, ameketi nyuma yangu na amesikia yote. Alipata dawa za kuanzia na mguu ukafungwa, lakini alipoambiwa angoje kitanda, alisimama akaanza kutoka. Nilimfuata mpaka nje ya geti.

"Wataita polisi," akasema. "Mgeni mwenye kadi bandia. Nyar Asembo, mimi nitaitwa mhalifu."

"Wewe umeibiwa, hujaiba."

"Nani ataniamini? Kibali kinaisha kesho kutwa."

Tukarudi nyumbani. Usinihukumu, ndugu yangu. Ungekuwa umeona macho yake, nawe ungerudi.

Asubuhi nilitoka kuteka maji, na niliporudi nikamkuta amevaa koti lake la reli, begi liko mlangoni. Amepanga mashati mawili, Biblia na dawa. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Zambia. Nitavuka mpaka nikiwa bado na kibali. Nikifia hapa bila karatasi watakushika wewe kwa kuficha mtu."

"Zambia unakwenda kwa nani?"

Huko hana mtu. Nilijua na yeye alijua. Mtu mwenye mguu unaooza anataka kuvuka nchi nzima ili akafie mahali ambapo hatanisumbua! Nilikaa juu ya lile begi. Nilikaa nikalia, nikamwambia Mungu kwa sauti, mbele yake, "Baba, mimi nimechoka. Sina maneno tena. Kama unaniona, nionyeshe pa kwenda."

Sikusikia sauti. Sikuona nuru. Nitawaambia ukweli, kwa sababu ushuhuda si mahali pa kuongeza chumvi. Kilichotokea ni kwamba simu ililia. Alikuwa Mama Njoki, yule mnayemfahamu hapa kanisani, anayeniuzia vitambaa mjini. Alikuwa anataka kujua kama nitachukua kitambaa cha sare za kwaya. Nikashindwa kujifanya. Nikamwaga yote.

Akaniuliza, "Konsolata, huko uhamiaji mliambiwa nini?"

"Tuliona tangazo."

"Sijauliza tangazo. Mtu aliwaambia nini?"

Nikagundua hakuna mtu aliyetuambia lolote. Tulikuwa tumesoma karatasi ya ukutani tukakimbia. Miezi yote ile tumeogopa ofisi bila kuingia kuuliza!

"Nakuja na gari la mizigo," akasema Mama Njoki. "Mwambie Mzee ashike begi lake hivyohivyo. Kama ni kufukuzwa, afukuzwe na mtu mwenye sura, si na tangazo."

Mzee alikataa, akakataa, kisha akatazama mguu wake, akakubali. Tukapanda gari, tukaja Kisumu.

Ofisini afisa wa kike alichukua pasipoti, kibali na ile kadi. Mzee alimwambia bila kuzunguka: "Kadi hii ni bandia. Tuliinunua bila kujua. Nimekuja kusema mwenyewe." Yule mama akaitazama kadi, akamtazama Mzee, akainuka na vitu vyote akaingia mlango wa ndani. Hakusema tungoje wala twende.

Ndugu zangu, mmewahi kukaa kwenye benchi ambalo hamjui mtatoka mkiwa watu wa namna gani? Askari alipita. Akapita tena. Mzee alinong'ona, "Wakinichukua, kuku mwekundu anaatamia, usimsumbue." Ndicho alichokumbuka! Nikacheka huku nalia.

Afisa alirudi na mkubwa wake, mwanamume mwenye mvi. Akaketi mbele yetu kabisa.

"Mzee, aliyewauzia hii kadi mnamjua?"

"Namba yake ya simu ninayo."

"Utaandika maelezo. Ninyi si wa kwanza, tunamtafuta. Sasa niambie, kwa nini hukujiandikisha kwenye bima ya serikali?"

Mzee akasema, "Mimi ni mgeni, bwana. Ile si ya Wakenya?"

Yule mkubwa akashika kichwa. "Mgeni mwenye kibali cha kukaa ni mkaazi. Anaandikishwa kama wewe na mimi. Tangazo linasema uwe na bima. Nani aliwaambia lazima iwe ya kampuni?"

Hakuna! Hakuna aliyetuambia! Uoga wetu ndio uliotuambia!

Lakini msishangilie bado. Alisema kibali kikiisha kesho kabla hujaandikishwa, mambo yatakuwa magumu, kwa hiyo nendeni sasa hivi, dirisha la usajili liko jengo la pili. Tukaenda, Mama Njoki amemshika Mzee kwapa hili, mimi kwapa lile. Karani akasema vizuri, Mzee weka vidole hapa. Mzee akaweka. Mashine ikakataa. Akaweka tena. Ikakataa. Vidole vya kushoto, vya kulia, ikakataa vyote.

Mikono ya Mzee imeshika vyuma na mafuta ya injini maisha yake yote. Vidole vimekuwa laini na vikavu kama karatasi, alama zimefutika. Karani akajaribu mpaka watu nyuma yetu wakaanza kunung'unika. Akasema, "Mzee, pengine mrudi wiki ijayo, tulete mashine nyingine."

Wiki ijayo! Niliona mpaka, niliona begi, niliona ule mguu. Sikupiga kelele. Niliichukua mikono yake yote miwili nikaiweka ndani ya yangu, pale pale dirishani, nikainamisha uso juu yake. Nikasema kwa Dholuo, "Nyasaye, Mungu wangu, mikono hii ndiyo niliyopewa. Itambue wewe, kama mashine imeshindwa." Sijui nilikaa hivyo muda gani. Nilikuwa nalia, machozi na jasho vinaingia kati ya vidole vyake. Mama Njoki alikuwa anaomba kwa Kikuyu nyuma yangu, naye hajui kuomba kwa sauti ndogo.

Karani akasema taratibu, "Mama, mwache ajaribu mara moja zaidi."

Akaweka kidole gumba. Mashine ikalia. Taa ya kijani!

Haleluya! Karani mwenyewe alisema, "Imeshika!" Mtu mmoja kwenye foleni, hata hatumjui, akapiga makofi. Kuna atakayesema ni unyevu, vidole vikavu vinahitaji unyevu. Sawa, nakubali. Lakini unyevu ule ulitoka machoni mwangu, na aliyenileta mpaka pale ninamjua.

Kutoka dirisha lile tulikwenda moja kwa moja hospitali. Walikata kidole. Kidole kimoja, ndugu zangu. Daktari akaniambia siku mbili zaidi ingekuwa ni mguu hadi goti, au ni mazishi. Mama Njoki alipeleka karatasi ya usajili uhamiaji siku hiyohiyo, na kibali kikaongezwa. Mzee amerudi kwa kuku wake, anachechemea, analalamika kwamba uji wangu hauna sukari, na namwacha alalamike.

Sitawadanganya kwamba hofu imekwisha. Kibali kitafika mwisho tena. Sheria zinaweza kubadilika. Bado nikiona gari la serikali limesimama njiani, cherehani inasimama yenyewe. Mchungaji ameshaanza kutusaidia tuandikishe ndoa yetu, na hata hilo nimeota likikataliwa. Lakini sasa nikiogopa, ninaogopa nikiwa nimesimama, si nikiwa nimejificha. Kikombe kikinidondoka kwa hofu, ninaokota vigae, naomba, naendelea kushona.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama Njoki, ambaye alipiga simu kwa ajili ya kitambaa. Nawashukuru wale maafisa, maana tulikwenda tukitarajia simba tukakuta binadamu.

Na wewe uliyeketi hapo, una barua ambayo hujaifungua, au kidonda umekifunika soksi, au kuna mlango unaupita kwa upande wa pili wa barabara, nakuomba umtumaini Bwana uingie. Kesho ofisi zinafunguliwa. Kama unaogopa kwenda peke yako, nitafute hapo nje tukimaliza ibada. Mimi nitakuja nikae nawe kwenye benchi.