Mjane Aliyefuga Maji

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu poleni na jua, na nyie mliotoka Madaba poleni na barabara. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wajane ameniomba niseme kidogo kwa ajili ya wageni tulionao leo. Nitasema. Ila mjue mapema, sikusimama hapa kuwaambia kwamba nimesamehe. Anayengoja neno hilo atachoka.

Mume wangu alikuwa na hoteli ndogo hapa mjini: chai na maandazi asubuhi, wali maharage mchana. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yamejaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu. Siku moja alikwenda Dar, akaona tangi la vioo la kufugia samaki, akalipenda, akaja nalo kwenye lori juu ya magunia. Alitaka wateja wanywe chai wakiangalia samaki. Hakuwahi kulitia maji. Alianza kukohoa, akakonda, akafa.

Kabla hata ya kuanua matanga, ukoo ulikaa kikao palepale hotelini. Mdogo wake, shemeji yangu, ambaye nilimpikia tangu akiwa anasoma, alisimama mbele ya wazee akasema, "Kaka alikuwa mzima mpaka alipomwoa huyu. Kila kinachopita mikononi mwake kinakufa." Akina mama, mwaka wa nyuma yake nilikuwa nimezika mtoto. Kila mtu mle ndani alielewa anasema nini. Baba mkubwa wa mume wangu, aliyekuwa anaongoza kikao, aliinamisha kichwa, hakunitetea. Hoteli akapewa shemeji. Mimi nikasukumiwa tangi. "Chukua sanduku lako," shemeji aliniambia.

Nikapanga chumba cha barazani ng'ambo ya barabara, mlango unatazamana na hoteli. Nikaanza kuuza chai. Nawaambia kweli, ndugu zangu, tumbo ningeweza kulijaza hata kwa kulima. Pale nilikaa ili kila asubuhi akifungua dirisha anione.

Na tangi nikaliweka mbele. Nikaliosha kwa sabuni mpaka likang'aa, nikajaza maji ya bomba, na siku hiyohiyo nikatia mbuna, wale samaki wadogo wa rangi ya bluu na njano wanaokaa kwenye mawe ziwani Nyasa. Dereva mmoja wa Mbamba Bay aliniletea kwenye ndoo. Watu walijaa kuangalia. Baada ya siku chache maji yakawa kama ya kuoshea mchele, samaki wakawa wanahema juu juu, halafu wakafa wote. Shemeji alivuka barabara, akachungulia, akageukia wateja wangu. "Si niliwaambia? Hata samaki."

Walicheka. Wapo walioacha kunywa chai kwangu kuanzia siku ile, wakiogopa mkono wangu. Nilijifungia ndani nikalia, na nilipomaliza kulia sikuomba Mungu anifariji. Nilimwomba anipe nafasi.

Nafasi ilikuja imevaa gauni la kitenge. Mwalimu mmoja wa sekondari, mgeni, mtu wa Bukoba, alikuwa anapita kunywa chai. Yeye hakuogopa mkono wangu. Akaniuliza nilifanyaje, nikamweleza.

"Mama, hujawaua," akasema. "Maji yalikuwa mapya mno. Mkojo na mavi ya samaki ni sumu. Ziwani kuna vijidudu visivyoonekana ambavyo vinaila hiyo sumu. Kwenye tangi lako havikuwepo bado."

"Vinanunuliwa wapi?"

"Havinunuliwi. Vinakuja vyenyewe ukiviandalia chakula na nyumba. Chakula ni dagaa mmoja anayeoza. Nyumba ni chujio."

Tukaenda kwa muuza spea ambaye huwa anafuata mali Dar. Alikuwa na machujio ya aina mbili. Moja boksi zuri lenye mota na taa, la kuning'inia nje ya tangi. La pili sponji jeusi kama kipande cha godoro, na mpira mwembamba wa kupitisha hewa kutoka kwenye kipampu cha umeme. Mimi nililitaka lenye taa, ili mtu fulani alione. Mwalimu akanivuta pembeni.

"Umeme wa hapa unaujua mwenyewe. Boksi likizima muda mrefu, vijidudu vinakosa hewa, vinakufa humohumo. Umeme ukirudi, uozo wote unamwagika kwenye maji. Hilo sponji unaweza kulipa hewa hata kwa pampu ya baiskeli."

Nikachukua sponji. Muuza spea akaniongezea tyubu kuukuu ya lori. Umeme ulipokatika nilikuwa naijaza upepo, naiunganisha na ule mpira, hewa inatoka kidogo kidogo na sponji linaendelea kupumua.

Basi nikalikogesha tangi kwa maji matupu, bila sabuni. Maji ya bomba nikayaacha kwenye ndoo yalale kwanza, ile dawa ya kuulia vijidudu wanayotia kwenye bomba iondoke. Nikatia mawe, sponji, na kipande cha dagaa. Samaki hakuna. Wiki zikapita. Maji yakachafuka, yakanuka, mtaa mzima ukanipa jina: Mfuga Maji. Shemeji alikuwa ananiita kwa sauti kutoka dirishani, "Mfuga Maji, yamezaa?"

Nilikaa nyuma ya tangi nikimtazama kupitia kwenye vioo. Nilikuwa nashika rozari mkononi, lakini jina nililokuwa nalitaja kila punje ni lake.

Asubuhi moja nikakuta maji meupe, nayaona mawe hadi chini. Mwalimu akasema tujaribu perege mmoja mdogo. Akala, akaishi. Baadaye nikaongeza mbuna mmoja, nikangoja, nikaongeza mwingine. Sponji likichafuka nalikamua ndani ya maji ya tangi lenyewe, kamwe sio ya bomba, nisije nikaua vile vijidudu. Samaki wakanenepa. Wakataga. Wateja wakarudi na watoto wao, na wengine wao walitokea ng'ambo, hotelini kwa shemeji.

Hilo shemeji hakulivumilia. Akaagiza tangi kubwa kuliko langu, akanunua lile boksi lenye taa. Akajaza maji siku moja, akamwaga mbuna tele siku ileile, akawa anawalisha mkate. Akaalika ukoo mzima waje Jumapili baada ya misa, waone alivyoikarabati hoteli.

Mwalimu akaniuliza, "Mama, hutamwambia?"

Nikasema, "Hapana."

Jumapili ile nilivaa kitenge nilichozikia mume wangu. Nikavuka barabara, nikaingia kwenye hoteli niliyofukuzwa, nikamwamkia baba mkubwa, nikaagiza chai. Wote walikuwa wanatazama tangi. Taa ya boksi ilikuwa inawaka vizuri sana, na chini yake samaki wote walikuwa wanaelea, matumbo juu.

Nikanywa chai yangu taratibu mpaka ikaisha. Halafu nikasema, wazee wote wakisikia, "Shemeji, na hawa nimewaua mimi?"

Akashika kitambaa, akaanza kufuta meza. Nikamwambia, "Jibu. Siku ile ulikuwa na maneno."

Baba mkubwa akaweka kikombe chini. "Mjibu shemeji yako," akasema.

Shemeji alikuwa bado anafuta meza ileile. Baba mkubwa akageuka upande wangu. "Mwanangu, tulikaa hapahapa tukanyamaza. Tulikukosea." Hoteli sikurudishiwa, na sikuiomba. Ilifungwa yenyewe, watu walipoacha kwenda. Nilikuwa mlangoni kwangu shemeji akipakia meza kwenye gari. Niliangalia mpaka meza ya mwisho, na nawaambia bila aibu, chai ya siku ile ilikuwa tamu.

Namshukuru yule mwalimu, popote alikohamishiwa. Namshukuru dereva aliyenipakilia samaki mara ya pili wakati wengine wanasema nina mkosi. Namshukuru muuza spea kwa tyubu yake. Nawashukuru nyie, mlionipa nafasi ya kukaa na watu tena.

Mnaotaka fundisho, ni hili. Ukisingiziwa, usijibu siku ileile ukiwa unatetemeka. Jifunze jambo lako mpaka ulijue vizuri, kisha rudi pale palipotamkwa, mbele ya walewale waliosikia.

Wewe mama uliyekaa karibu na mlango, uliyekuja leo mara ya kwanza, mwenyekiti ameniambia wakwe zako wanasema umemuua mume wako. Kesho asubuhi njoo kwangu unywe chai. Siku utakayokuwa tayari, tutakwenda huko kwao sote tuliomo humu, na tutakaa hapohapo mpaka watujibu.