Tashtiti wa Vaa Ucheke, Siku Alipougua Kweli

Mtu tunayemzika leo alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1978, saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yake, fundi saa. Alikuwa kitinda mimba. Dada yake mkubwa, aliyeandika na anayesoma haya, alikuwa na miaka tisa. Alipewa ambebe ili mama apumzike, na kichanga kikamkojolea gauni la shule, kisha kikatulia kama si chenyewe. "Huyu ni tashtiti," mama akasema. Jina likamganda maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, kuanzia 1985 hadi 1991. Siku ya wazazi alitokea na shati la sare alilolishonea mfuko mgongoni. Mwalimu mkuu akamuuliza mfuko huo ni wa nini. "Wa kukuwekea fimbo yako, mwalimu, usichoke kuibeba." Alichapwa, ila mwalimu alicheka kwanza. Baada ya sekondari alisomea ushonaji kwa miaka miwili, akapata cheti mwaka 1998.

Tarehe 11 Februari 2006 alifungua duka la Vaa Ucheke, chumba kimoja chenye cherehani mbili na dirisha lililotazama stendi. Alishona mashati ambayo hakuna vifungo viwili vilivyofanana, na suruali zenye mfuko gotini. Mwezi wa kwanza hakuna aliyenunua. Basi akaweka kibao mlangoni, "Usiingie, utacheka," akazivalisha sanamu za dukani na kuzipanga foleni ya benki saa mbili asubuhi. Mwaka uliofuata aliitisha maziko ya suruali nyeusi: sanduku, waliaji wanne wa kukodi, na umati ukiwafuata barabara nzima. Dada alimkemea: "Wewe, msiba hauchezewi!" Akajibu, "Dada, biashara ni matangazo." Alikuwa haambiliki, na kusema kweli watu walimpenda kwa hilo. Kufikia 2015 alikuwa na mafundi sita.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Desemba 2009, na mteja aliyekuja kulalamika. "Umekosea vifungo," bibie alisema. "Sijakosea. Nilitaka urudi." Walijaliwa mabinti wawili.

Agosti 2019 alizindua nguo za kulalia. Alijifunga bendeji, akalala kitandani ndani ya duka, akamwambia mkewe apige simu kwa ndugu. "Wifi, njoo upesi, naapa hali yake mbaya." Dada alisafiri saa sita, hakula wala kunywa, akaingia akilia kwa sauti. Mgonjwa akainuka, akaangua kicheko, na kamera ikawaka. Wiki iliyofuata uso wa dada, machozi na kamasi, ulibandikwa kwenye kuta za stendi: "Hata dada yake alilia. Wewe je?" Nguo ziliisha kwa siku tatu. Dada alimwambia mbele ya mafundi wote: "Usiniite tena. Hata ukiwa unakata roho, usiniite." Aliomba radhi mara nyingi, na dada alisema yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha.

Jumanne, tarehe 28 Mei 2024, kidole tumbo kilipasuka. Alimwandikia dada ujumbe wa simu kwa mkono wake: "Dada, nimelazwa, wodi ya wanaume, kitanda cha kumi na moja. Njoo." Dada alijibu: "Safari hii unauza nini?" Mkewe akapiga. "Wifi, naapa, si mzaha." Dada akamwambia, "Hata mwaka ule uliapa," akakata simu, akaendelea kuanika nguo.

Alihitaji damu. Mafundi walitangaza kwenye ukurasa wa duka, na watu elfu arobaini walilisoma tangazo hilo. Walicheka. Mmoja aliuliza kama kuna saizi kubwa, mwingine akasifu, "Safari hii umetisha!" Waliokwenda hospitalini ni watatu, na wawili kati yao walitaka kupiga picha. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wengi wenu mpo hapa leo, na mashati yake mmeyavaa. Mmependeza. Tungewaona wodini tungefurahi zaidi.

Baada ya siku tisa, Alhamisi, tarehe 6 Juni, muuguzi alimpigia dada. "Mama, njoo, na usije peke yako." Hapo ndipo alipoamini. Alifika saa kumi alasiri, akakuta kitanda cha kumi na moja kimetandikwa shuka safi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alimwambia, "Alikuwa akiuliza kila mlango ukifunguliwa kama ni dada yake. Sisi tulimwambia uko njiani."

Majuto ni mjukuu, na huyu atakaa nyumbani kwa dada mpaka naye aitwe. Marehemu alimkosea, hilo halifutiki kwa sababu amekufa. Lakini alimkosea siku moja, naye akaadhibiwa siku tisa.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mafundi sita, na dada mmoja ambaye mdogo wake alimwita kutoka kitandani, yeye akamuuliza anauza nini. Mola ampe mapumziko ya amani.